Kilizo cha Uzi wa Pili

Mzee Ausi Pazi alipoliondoa benchi barazani kwake, mtaa mzima ulisema amezeeka vibaya.

Lilikuwa benchi la mninga, la kukaa watu wanne, na kwa miaka mingi kila aliyeleta gita, redio au feni alikaa hapo kungoja, akitafuna kashata na kupokea habari za mji wa Bagamoyo. Kisha zikaja simu. Vijana wakawa wanashinda pale kutwa nzima, vichwa chini, vidole gumba vikikimbia, salamu hawatoi wala hawaitikii, na mteja mwenye gita lake akasimama juani kwa kukosa nafasi. Siku moja Ausi alilibeba benchi peke yake, akalipeleka uani, na mkewe Bi Fatu hakungoja kuambiwa, akalipangia ndoo zake za maji.

"Hapa ni kazini," Ausi alisema. "Anayetaka kukaa akakae kwao."

Tangu siku ile mteja alisimama. Alisimama akieleza shida yake, alisimama akilijaribu gita lake, na kazi ikiisha alikwenda zake.

Ufundi huo Ausi hakufundishwa na mtu. Ujanani alikwenda Dar es Salaam, akapiga gita la pili katika bendi ya dansi kwa miaka minane, na wapiga dansi wakati ule walikuwa wanaume wa kusimama: suruali pana, viatu vya kisigino, gita limening'inia kiunoni. Bendi ilipovunjika alirudi kwao na kitabu kimoja cha umeme kisicho na jalada, akakisoma kwa kamusi mpaka kikamwachia siri zake. Pwani hii ina chumvi, na chumvi haina huruma na chuma. Uzi wa gita uliofungwa mwezi mchanga, mwezi ukikomaa umeshashika kutu. Springi hulegea, funguo za kukazia nyuzi hukwama. Ausi alijifunza kuchonga kwa mfupa wa ng'ombe kile kijiti cha shingoni kinachobeba nyuzi, na kuitwanga risasi ya penseli ili nyuzi ziteleze katika mifereji yake bila kung'ang'ania. Fundi wa namna hiyo leo ukimtafuta kuanzia hapa mpaka Msata, utarudi na vumbi la miguu tu.

Na sasa fundi huyo alikuwa ameshindwa na uzi mmoja.

Gita lilikuwa la Hamidu, mchuuzi wa mananasi ya Kiwangwa, mpigaji wa kikundi cha tarabu cha Waridi la Mlingotini. Baba yake Hamidu, marehemu Mikdad, alikuwa mpiga fidla wa kikundi hicho, na rafiki wa Ausi wa kula sahani moja. Waliomsikia Mikdad hawahitaji kusimuliwa, na wasiomsikia hawataelewa. Fidla yake ilikuwa na kazi moja ambayo chombo kingine hakikuiweza: kumpandisha Bi Somoe. Bi Somoe, mwimbaji wao mkubwa, alikuwa na mahali katika wimbo wake ambapo sauti haiendi kwa hatua, inapanda kama moshi wa udi. Gita lina vyuma vyake shingoni, na sauti yake hupanda kwa kuruka, chuma hata chuma, kama mtu apandaye ngazi. Fidla haina ngazi. Mikdad alikuwa akiutelezesha upinde, Bi Somoe akafumba macho na kumfuata, na watu wazima wakatoa leso.

Mikdad alipokufa, fidla ikabaki ukumbini kwa kikundi. Siku ya arobaini Ausi aliingia mle akaikuta haina nyuzi, watoto wanaiburuta kwa kamba kama gari. Alitoka bila kuaga, akaapa hatatia tena mguu ukumbini mle. Bi Somoe naye akauweka kando wimbo wake, na aliyemwomba aliambiwa, "Nitaupandaje? Ngazi yangu wameizika."

Kikundi kikamwangukia Yahya, mtu wa kukodisha maspika na viti. Yahya alinunua kinanda cha umeme. "Bi mkubwa, humu ndani mna fidla mia," alimwambia Bi Somoe.

"Mia, na hakuna hata moja inayonijua," Bi Somoe akamjibu.

Ikaja posa ya Adila, binti wa Hamidu, mjukuu wa Mikdad. Mwali akasema hataki zawadi, anataka wimbo wa Bi Somoe alioimbiwa bibi yake. Hamidu akamwendea Ausi: je, gita haliwezi kufanywa likalia kama fidla? Na Yahya, aliposikia, akaweka sharti mbele ya kikundi kizima. Gita likiweza siku ya harusi, litabaki. Likishindwa, kinanda kitashika nafasi yake moja kwa moja.

Bi Somoe alisikiliza, akasema lake. "Likishindwa hilo, msinifuate tena kwa mambo ya jukwaani. Nitakuwa nimemaliza. Mimi si wa kuzikwa mara mbili."

Kwa hiyo Ausi alitengeneza kitu. Alichukua mkono wa breki ya baiskeli, akaufupisha, akautia kwenye ukingo wa chini wa gita, pale panapogusa nyonga ya mpigaji. Akauunganisha kwa waya wa breki na kijigurudumu alichokifunga nyuma ya daraja la nyuzi, na uzi wa pili akaufunga kwenye kijigurudumu hicho. Mpigaji akilisukuma gita kidogo nyongani, mkono unabonyea, kijigurudumu kinazunguka, uzi unavutika, na sauti inapanda taratibu bila kugusa ngazi. Akiachia, springi ya cherehani inaurudisha uzi mahali pake. Hamidu alikiita kitu kile kilizo, kwa kuwa kazi yake ni kuliza.

Siku ya kwanza kukijaribu, Hamidu alisimama barazani, akapiga mahali pale pa Bi Somoe, akalisukuma gita nyongani. Uzi ukalia. Bi Fatu alitoka uani na mwiko mkononi. Ausi akageuka ukutani, akajifanya anatafuta bisibisi.

Siku tano baadaye Hamidu alirudi, gita mgongoni, uso hauna nuru.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Mbona umekunjamana kama karatasi ya maandazi?"

"Uzi wa pili, ami. Haurudi nyumbani. Mazoezini umekuwa juu ya wenzake, tena hautulii. Unapanda unashuka kama mtu mwenye kwikwi. Bi Somoe kaanza mara tatu, kaacha mara tatu."

"Hebu piga."

Hamidu alisimama, akapiga. Uzi ulikwenda ukarudi, ukakaa pale pale. Akarudia. Safi.

Ausi hakuridhika. Alibadilisha nyuzi zote, akakaza springi, akaongeza kina cha mfereji wa uzi wa pili kwa tupa nyembamba kama sindano. Hamidu akaenda zake Mlingotini. Baada ya siku tatu alirudi tena na kilio kile kile. Safari hii Ausi alipoinamia gita alisikia harufu.

"Umepaka nini hapa?"

"Mafuta ya nazi kidogo, ami. Ili uteleze."

"Huu ni uzi au nywele za mwali? Mafuta yanashika mchanga, Hamidu! Umeniwekea ufukwe mzima humu ndani!"

Alisafisha kwa mafuta ya taa, akatia unga wa penseli, akafurahi kimoyomoyo, maana kosa lilikuwa limepatikana. Hamidu alisimama akapiga, uzi ukatii. Lakini jioni ya siku ya pili yake ilipigwa simu kutoka Mlingotini: kwikwi iko vile vile.

Hapo ndipo usingizi ulipomhama Ausi. Mtu akiwa na miaka sabini na mbili, kitu kinapoharibika huanza kujishuku yeye. Huenda gita lilikuwa bovu hata barazani, ila masikio yake ndiyo hayasikii tena. Asubuhi akamwendea mkewe jikoni.

"Fatu, hebu gonga hiyo sufuria. Polepole."

Bi Fatu aligonga. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na hii?"

"Hiyo imepasuka ukingoni."

"Basi masikio mazima. Nilidhani yamekufa, maana nikikuita uje ule husikii." Akamtazama vizuri. "Si uende Mlingotini ukaone mwenyewe? Gita linaugulia kule, wewe unalitibu huku."

"Ukumbi ule siingii. Nimeshaapa."

"Umeapa kwa ajili ya mtu aliyekufa. Aliye hai anakungoja."

Hakwenda. Kiburi cha mzee ni kama mwiba wa samaki, ukishakaa kooni huwezi kuumeza wala kuutema.

Siku mbili kabla ya harusi alikuja Yahya mwenyewe pamoja na Hamidu. Yahya alikuwa na simu inayopima sauti, ya rangi mbili: uzi ukikaa sawa kioo kinakuwa cha kijani, ukikosea kinakuwa chekundu. "Mzee, mashine haina ugomvi na mtu," alisema. "Tupime tujue." Hamidu akasimama, akapiga, akalisukuma gita nyongani, akaachia. Kijani. Mara kumi, kijani mara kumi.

Ausi, ambaye miaka yote alisema kwamba simu haina masikio, siku ile aliishika kama shahidi wa mahakamani.

"Umeona? Gita langu zima. Kosa ni la mkono." Akamgeukia Hamidu. "Unapiga kama unamenya mananasi. Mikdad angekuwa hai, angekunyang'anya gita hili mbele za watu."

Hamidu alilifunga gita katika kanga yake, akapanda pikipiki. Yahya alibaki kidogo, akacheka kwa pua. "Mzee, kinanda changu nitakileta tu, kwa tahadhari." Bi Fatu alikuwa mlangoni, amesikia yote. Siku ile hakumtengea mumewe chai.

Jumamosi alasiri Ausi alivaa kanzu yake ya Idi, akapanda bajaji kwenda Mlingotini. Harusi haikuwa ukumbini, ilikuwa uwanjani chini ya turubai, basi kiapo kilikuwa salama. Alikuta maspika ya Yahya yamesimama kama makabati, na mshereheshaji mmoja wa kukodiwa anapiga kelele kuliko wenye harusi. Zamani harusi ilijitangaza yenyewe, kwa vigelegele. Siku hizi lazima mtu alipwe awaambie watu wafurahi.

Alipata kiti pembeni, karibu na jukwaa. Wana Waridi wakapanda, mmoja mmoja, wakakaa kwenye viti vyao vilivyopangwa msitari: mpiga udi, mpiga dumbaki, Hamidu na gita lake. Mwisho akapanda Bi Somoe, gauni la zari, miwani, mkono mmoja umeshika leso. Yeye peke yake alisimama. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za wazee wao katika kikundi kile: anayesimama ni mwimbaji. Mpigaji akisimama ubavuni mwake ni kama kumwambia, shuka mama, zamu yako imekwisha.

Wakaanza. Hamidu alikuwa ameliweka gita pajani, na mguu wake wa kulia ukahesabu mapigo, kisigino juu, kisigino chini, kama afanyavyo kila mpigaji tangu dunia iwe dunia. Bi Somoe akafungua kinywa.

*Kisima nilichochimba, wenzangu wafurahia,*
*nami kiu yanikumba...*

Na uzi wa pili ukawa juu. Ausi aliusikia kabla ya mtu yeyote. Si juu sana, unywele tu, tena unatikisika: juu, chini, juu, chini. Kwikwi. Alitazama mkono wa Hamidu, akaona vidole havina hatia. Akashusha macho. Akaona paja. Akaona ukingo wa gita umelala juu ya paja, na chini ya ukingo, umebanwa kati ya mti na nyama, mkono wa breki ya baiskeli. Kila kisigino kilipopanda, paja lilipanda nalo, mkono ukabonyea, na uzi ukavutwa.

Amekaa! Mwenyezi Mungu, mtoto amekaa!

Miaka arobaini aliwatazama watu wa tarabu wamekaa. Mikdad hakupata kupiga fidla amesimama hata siku moja, hata alipobanwa na mgongo. Na yeye Ausi, mwenye kulalamika kila kukicha kwamba vijana wamesahau mambo ya asili, ndiye aliyelipima gita la tarabu kwa mtu aliyesimama, kwa kuwa alikuwa ameizoea nyonga ya dansi, na kwa kuwa barazani kwake hapakuwa na mahali pa mtu kuweka makalio.

"Simama!" alinong'ona kwa nguvu. "Hamidu! Simama!"

Hamidu alimsikia, akainuka nusu. Bi Somoe aligeuka. Wanawake wa mbele wakaguna. Hamidu akarudi kitini kama aliyechomwa, mkono wa breki ukabonyea mpaka mwisho, na uzi ukapiga ukelele ulioingia katika maspika yote ya Yahya.

Bi Somoe alilimalizia neno lake. Aliinamisha kichwa kwa mwali, akaweka kipaza sauti juu ya kiti, akashuka jukwaani taratibu, ngazi kwa ngazi. Kabla hajafika chini, kinanda kilikuwa kimeshaanza, na vijana wameshainuka na simu zao hewani.

Ausi alimkuta Hamidu nyuma ya nyumba, walipokuwa wanawake wa masufuria ya pilau. Alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, gita pajani, hatazami mtu. Bi Somoe alikuwa kwenye mkeka, amevua miwani, anakunywa maji.

Ausi alipiga magoti mchangani mbele ya Hamidu, na magoti yake yalilia kuliko gita.

"Ami, inuka, watu wanatazama."

"Waache watazame. Si mkono wako, mwanangu. Mkono wako ni wa baba yako. Kosa ni langu. Nililipima umesimama." Akaonyesha paja. "Na yale niliyokwambia juu ya Mikdad, nisamehe."

"Mimi nilijua umekichoka kichwa changu, ami."

"Nyanyua gita."

Ausi alivua kandambili yake, akaomba kisu kwa mwanamke mmoja wa vitunguu, akakata kisigino cha kandambili vipande viwili. Akaviweka pajani kwa Hamidu, huku na huku, akalishusha gita juu yake. Sasa mkono wa breki ulining'inia wazi, hauligusi paja, umebakisha nafasi ya ukucha tu.

"Mapigo hesabu kwa mguu wa kushoto. Huu wa kulia tulia. Pakifika mahali pale, inua kisigino na ulibane gita kwa kiwiko, sponji ibonyee, paja liufikie mkono wa breki. Polepole, kama mtu anayechungulia ukutani."

Hapakuwa na spika. Gita lilisikika kwa udogo wake, kama redio ya chumba cha pili. Hamidu alipiga, akafika mahali pale, akainua kisigino. Uzi ukapanda kama moshi. Akakishusha kisigino. Uzi ukarudi nyumbani.

Mwanamke wa pilau aliacha mwiko ndani ya sufuria.

"Ausi," Bi Somoe aliita kutoka mkekani. "Miaka yote ile ulikuwa unakuja kututazama. Ulikuwa unatazama nini?"

"Nilikuwa namsikiliza Mikdad."

"Ndiyo maana. Masikio umeyaleta, macho ukayaacha kwa Fatu." Hakucheka. Aliweka kikombe chini. "Hebu rudia, Hamidu."

Hamidu akarudia, na Bi Somoe, bila kuinuka mkekani, akaimba pale alipoachia jukwaani.

*Nami kiu yanikumba, maji nayaangalia.*

Kisigino kikapanda, na yeye akapanda nacho, macho amefumba. Kule mbele kinanda kilikuwa kinatetemesha turubai, na mshereheshaji anawataka watu wapige makofi. Adila, mwali aliyeuomba wimbo huo, alikuwa amekaa kule, hakusikia. Walisikia wanawake sita, kuku wawili, na wazee wawili waliochelewa.

Yahya akatokea pembeni ya nyumba, amelowa jasho. "Bi mkubwa, wageni wanakuulizia. Rudi, nitakushushia sauti ya kinanda."

"Nimeshaimba," Bi Somoe akasema.

"Basi na gita lije, kama limepona."

"Yahya, mimi nilitoa neno mbele zako. Mambo ya jukwaani nimemaliza." Akavaa miwani yake. "Ila uani kwangu hakuna jukwaa. Hamidu, uje Jumatatu. Uje na kiti chako."

Ausi alirudi Bagamoyo mguu mmoja una kandambili, mmoja hauna. Bi Fatu alimtazama mguuni. Mzee alipita moja kwa moja mpaka uani, akaanza kuziteremsha ndoo za maji kutoka kwenye benchi, moja baada ya moja.

"Na ndoo zangu nizitundike wapi? Masikioni?"

"Nitakutengenezea kichanja."

"Lini?"

Ubao ulikuwa umevimba kwa maji, na mguu mmoja ulikuwa umeliwa na mchwa. Alilikamata benchi upande mmoja, akalivuta, likawa zito kuliko siku alipolileta.

"Fatu," alisema, "shika huko."